Cheti cha sarafu cha mwaka 1982: kipi bado kinaaminika, kipi kimepitwa na wakati

*“Marehemu baba mdogo aliishi Maryland, Marekani, kwa miaka mingi, na sasa familia imenikabidhi sarafu zake. Ya kwanza ni dola ya fedha ya mwaka 1881 yenye herufi S. Imo ndani ya mfuko mlaini wa plastiki pamoja na cheti chenye picha cha ANACS, huduma ya ukaguzi wa sarafu, cha mwaka 1982, kinachosema MS-65/65. Ya pili ni dola ya mwaka 1885 yenye herufi O, iliyofungiwa ndani ya kasha dogo gumu la PCGS, kampuni ya kukagua sarafu, lililoandikwa MS-64. Ukilitikisa, sarafu inagongagonga ndani. Ya tatu ilikuwa ya babu: dhahabu ya rupia 15 ya mwaka 1916 yenye tembo, nayo haina karatasi yoyote. Mnunuzi mmoja hapa Dar es Salaam ameniambia kuwa cheti cha 1982 ni karatasi tu. Mwingine wa mtandaoni anataka nivunje kasha ili aione sarafu vizuri, ndipo anitajie bei. Je, vyeti hivi vimekwisha muda wake? Nizitume zote Marekani zikapimwe upya?”*

Ndugu msomaji, pole kwa kuondokewa na baba mdogo. Kabla ya yote, nakuomba usivunje kasha hilo, na usiruhusu mtu mwingine alivunje kwa niaba yako. Sababu nitaieleza nikifika kwenye sarafu yenyewe.

Hofu yako, kama nilivyoielewa, ni kwamba huenda unashikilia karatasi zisizo na thamani tena, au kinyume chake, kwamba unakaribia kupunjwa na watu wanaojua thamani yake kuliko wewe. Vyeti vya sarafu havina tarehe ya kuisha muda kama leseni ya udereva. Hata hivyo, cheti cha aina hii kinabeba kauli mbili zilizounganishwa katika karatasi moja: kwamba sarafu ni halisi, na kwamba hali yake ni ya daraja fulani. Kauli hizi mbili hazizeeki sawasawa. Ya kwanza, ikiwa ilitolewa na watu makini, husimama kwa miongo mingi. Ya pili huchakaa, kwa sababu kipimo chenyewe kilibadilika na pengine sarafu nayo imebadilika.

Ili uone kwa nini iko hivyo, inafaa ujue huduma hizi zilianzaje. Kwa muda mrefu muuzaji wa sarafu ndiye aliyekuwa akisema bidhaa yake ni halisi na iko katika hali gani, na mnunuzi alikuwa na hiari ya kumwamini au kuondoka. Hali hiyo ilikuwa mbaya zaidi kwa sarafu adimu. Senti 10 za Marekani za mwaka 1916 zilizotengenezwa Denver, kwa mfano, zilikuwa 264,000 tu, ilhali za Philadelphia za mwaka huohuo zilikuwa mamilioni. Tofauti kati yao ni herufi ndogo D, na wajanja wengi waligundisha herufi hiyo kwenye sarafu ya kawaida. Kwenye dhahabu hali ilikuwa ya kutisha zaidi: kuna bandia za dola 20 za mwaka 1907 zilizotengenezwa kwa ustadi mkubwa kiasi kwamba fundi wake aliweka alama yake mwenyewe, herufi ya Kigiriki ya omega, ndani ya kucha za tai, na ziliwapita wataalamu wengi kabla alama hiyo haijagunduliwa.

Kwa sababu hiyo Shirika la Sarafu la Marekani, ANA, lilianzisha mwaka 1972 huduma iliyoitwa ANACS, iliyokuwa Washington na kuhamia Colorado Springs mwaka 1976. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1891 na lina hati kutoka Bunge la Marekani, jambo linalowafanya baadhi ya watu wadhani cheti chake ni cha serikali. Si cha serikali. Ni maoni ya wataalamu wasiokuwa wauzaji wala wanunuzi wa sarafu husika, na nguvu yake yote inatoka hapo. Kwa miaka saba ya mwanzo ANACS ilijibu swali moja tu, yaani sarafu ni halisi au la. Mmiliki alituma sarafu, ikapimwa uzito, ikakaguliwa kwa hadubini, ikapigwa picha pande zote mbili, kisha akarudishiwa sarafu pamoja na cheti chenye nambari na picha hizo za rangi nyeusi na nyeupe.

Upangaji wa madaraja ulianza tarehe 1 Machi 1979, na hapo ndipo zile nambari zilizokutatiza zinapoingia. Watu wengi wakiona 65 kwenye kipimo kinachoishia 70 hudhani ni alama za mtihani, kwamba sarafu imepata asilimia 93 hivi. Sivyo. Kipimo hiki kilibuniwa na William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za shaba za mwanzo za Marekani, na nia yake ilikuwa kulinganisha hali na bei: sarafu ya daraja la 70 ilitarajiwa kuwa na thamani mara 70 ya ile ya daraja la 1. Uhusiano huo wa bei ulivunjika mapema, lakini nambari zilibaki na zikahamishiwa kwenye sarafu nyingine zote. Herufi MS hutumika kuanzia 60 hadi 70 kwa sarafu ambazo hazijawahi kuzunguka mikononi mwa watu. Kwa hiyo hata sarafu mbovu kabisa miongoni mwa zile ambazo hazijatumika huanzia 60, na ushindani wote wa bei umo ndani ya nafasi kumi na moja za mwisho.

Ndani ya nafasi hizo mkaguzi hutazama mambo manne: nguvu ya pigo lililochapa picha, mng'ao wa asili wa madini, mikwaruzo na vidonda, na mvuto wa jumla kwa jicho. Dola za aina yako zilihifadhiwa kwa maelfu ndani ya magunia, zikagongana, na sehemu inayoonyesha haraka majeraha hayo ni shavu la yule mwanamke wa upande wa mbele, kwa kuwa ni uwanda mpana usio na urembo wa kuyaficha. Upande wa nyuma, wenye tai, mara nyingi hunusurika. Ndiyo maana ANACS ya zamani ilitoa nambari mbili, moja kwa kila upande, na cheti chako kinasema 65/65.

Sasa, je, 65 ya mwaka 1982 ni 65 ya leo? Mara nyingi hapana. Mwongozo rasmi wa ANA wa mwaka 1977 ulitambua ngazi tatu tu za sarafu zisizotumika: 60, 65 na 70. Ngazi za 63 na 67 ziliongezwa mwaka 1981, na zile zilizobaki katikati zilikubaliwa baadaye, mwaka 1986. Hebu fikiria kazi ya mkaguzi wa miaka hiyo: sarafu nzuri kuliko 60 lakini isiyofikia kabisa 65 aiweke wapi? Zaidi ya hayo, bei za fedha zilipanda hadi kukaribia dola 50 kwa wakia mnamo Januari 1980, kisha zikaporomoka, na soko lililofuata likawa na wanunuzi wachoyo wa kusifu, waliodai ubora mkubwa zaidi kwa jina lilelile. Ni kama insha moja iliyosahihishwa na walimu wawili wa vizazi tofauti: hakuna aliyedanganya, lakini wa pili ni mkali zaidi. Kwa maoni ya wengi katika biashara hii, sarafu nyingi zilizoitwa 65 katika miaka ya mwanzo ya ANACS zingepewa leo 64 au 63, na kwenye baadhi ya sarafu tofauti ya ngazi moja hugeuza bei mara kadhaa.

Kuna sababu ya pili ambayo watu huisahau, nayo yakuhusu zaidi kwa kuwa uko pwani. ANACS ya wakati ule haikuifunga sarafu. Ilirudi kwa mwenyewe ikiwa huru, na wengi waliihifadhi ndani ya mifuko milaini ya plastiki ya vinili kama huo ulionao. Plastiki hiyo inapozeeka hutoa kemikali zinazoacha utando wa kijani au wa kunata juu ya madini, na joto pamoja na unyevu wa Dar es Salaam huharakisha jambo hilo. Cheti kilieleza hali ya sarafu ilivyokuwa siku ilipopigwa picha. Hakiwezi kujua kilichotokea tangu hapo. Leo hii itoe kwenye mfuko huo kwa kuishika ukingoni, mikono ikiwa mikavu, uiweke kwenye kifuko kigumu cha plastiki isiyo na vinili, pamoja na vipakiti vya kukausha unyevu kama vile vinavyokuja na viatu vipya. Ukiona utando wa kijani usiuguse. Na tafadhali, limau, majivu, dawa ya meno na dawa za kung'arishia vyombo vikae mbali kabisa: sarafu iliyosuguliwa hupoteza mng'ao wake wa asili, na mng'ao huo haurudi kwa njia yoyote. Mkaguzi ataitambua kwa kuitazama mara moja, naye ataiandika kuwa imesafishwa, na bei itaanguka kuliko kama ungeiacha na uchafu wake.

Pamoja na hayo yote, siwezi kukubaliana na mnunuzi aliyekuambia kuwa ni karatasi tu. Picha zile ni ushahidi ambao vyeti vingi vya baadaye havikuwa nao. Chukua kioo cha kukuzia cha mara tano hadi kumi, keti karibu na taa moja, uiinamishe sarafu polepole huku ukiilinganisha na picha. Tafuta mikwaruzo mitatu au minne ya kipekee shavuni, kwenye nywele na kwenye uwanda ulio wazi. Kanuni yake ni rahisi: kidonda kipya kinaweza kuongezeka na rangi inaweza kugeuka, lakini kidonda kilichoonekana kwenye picha ya 1982 hakiwezi kutoweka. Vikilingana, una sababu nzuri ya kuamini kwamba hii ndiyo sarafu iliyokaguliwa na kwamba ni halisi. Visipolingana, basi mahali fulani njiani sarafu ilibadilishwa, na cheti ulichonacho ni cha sarafu ya mtu mwingine. Huo ndio uliokuwa udhaifu mkubwa wa mfumo ule: karatasi na sarafu zilisafiri pamoja bila kufungwa pamoja.

Udhaifu huo ndio uliojibiwa na kasha lako la pili. Mwezi Februari 1986 kundi la wafanyabiashara wa sarafu wa Marekani, David Hall akiwa miongoni mwao, lilifungua PCGS huko California. Wazo la wataalamu wasioegemea upande halikuwa lao. Wao waliliongezea mambo ambayo yaligeuza biashara nzima. Sarafu ilitazamwa na wakaguzi kadhaa, kila mmoja peke yake, kisha ikafungiwa pamoja na kikaratasi chake ndani ya kasha gumu lililounganishwa kwa mawimbi ya sauti, ili isiweze kutolewa bila kasha kuonyesha dalili. Kampuni ilitoa dhamana ya fedha kwa daraja ililotaja, na mtandao wa wafanyabiashara ulikubali kununua sarafu hizo hata bila kuziona. Mwaka uliofuata John Albanese alianzisha NGC kwa mfumo unaofanana, na ANACS yenyewe ikaanza kutumia makasha mwaka 1989, muda mfupi kabla ya ANA kuiuza kwa wamiliki wengine.

Makasha ya kwanza ya PCGS yalikuwa madogo na hayakuishika sarafu kwa kubana, ndiyo maana lako linagongagonga. Hiyo si kasoro ya kukutia wasiwasi. Kinyume chake, ni alama ya toleo la mwanzo, la takriban 1986 hadi 1989, na wakusanyaji wengi huamini kwamba wakaguzi wa miaka hiyo walikuwa wabanifu wa madaraja kuliko waliofuata. Wapo wanaolipia ziada kwa sababu ya kasha lenyewe. Ukilivunja unapoteza ziada hiyo, unapoteza dhamana, na unabaki na dola isiyo na cheti ambayo yule mnunuzi wa mtandaoni atakuwa huru kukuambia ni ya daraja la 62. Sarafu inaonekana vizuri kabisa kupitia plastiki ile; picha nzuri za pande zote mbili zinamtosha mtu mwenye nia njema.

Lakini nisikuache ukidhani kwamba plastiki iligeuza maoni kuwa sayansi. Mwaka 1990 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilifikia makubaliano na PCGS kuhusu matangazo yaliyokuwa yakikuza mno uthabiti wa upangaji wake. Mwaka huohuo kampuni hiyo ilijaribu kupanga madaraja kwa kompyuta, na jaribio hilo halikudumu. Hadi leo wapo wafanyabiashara wanaovunja makasha na kutuma sarafu ileile tena na tena wakitumaini kupata nambari ya juu zaidi, na mara nyingine wanaipata. Mimi binafsi naona mchezo huo umeharibu takwimu za wingi wa sarafu kuliko unavyokubaliwa hadharani, maana sarafu moja huweza kuhesabiwa mara kadhaa. Yapo pia makasha bandia, hasa ya matoleo ya baadaye. Kwa hiyo ingiza nambari iliyo kwenye kasha lako katika ukurasa wa uhakiki wa PCGS, uone kama aina, mwaka na daraja vinalingana. Ila kumbuka kuwa bandia nyingi hunakili nambari ya kweli, kwa hiyo mwonekano wa sarafu na wa kasha nao ni lazima ulingane.

Je, uzitume? Hapa sarafu zako tatu zinatengana.

Dola ya 1881 ilitengenezwa San Francisco kwa idadi ya 12,760,000, na ni maarufu kwa kuwa moja ya zile zinazopatikana kwa urahisi katika hali nzuri. Ina gramu 26.73, asilimia 90 fedha, kwa hiyo thamani yake haishuki chini ya ile ya fedha iliyomo, ambayo ni karibu robo tatu ya wakia. Ikiwa kweli ni 65 ya leo, ada ya ukaguzi, usafirishaji wa kwenda na kurudi na bima vitameza sehemu kubwa ya faida. Ikirudi 63, utakuwa umelipia hasara. Ningeiacha na cheti chake, na kuiuza, kama ni lazima, pamoja na cheti hicho, kwa sababu wapo wanaokusanya vyeti vile vya zamani kama kumbukumbu. Dola ya 1885, iliyotoka New Orleans, nayo si adimu. Ibaki ndani ya kasha lake bila kuguswa.

Dhahabu ya babu ni habari nyingine kabisa, na nadhani ndiyo uliyoipa uzito mdogo kuliko inavyostahili. Rupia 15 za mwaka 1916 zilichapwa Tabora, katika karakana ya reli, Wajerumani walipokuwa wamezingirwa na vita na hawawezi kupata fedha kutoka kwao. Zilitoka 16,198 tu, katika aina mbili zinazotofautishwa na mahali urembo unapoishia chini ya herufi za neno OSTAFRIKA. Zina tembo mbele ya milima, herufi T ya Tabora, na uzito wa gramu 7.17 hivi za dhahabu ya karati 18. Kwa sababu zinatafutwa sana, bandia zake ni nyingi, na baadhi zimetengenezwa kwa dhahabu ya kweli, kwa hiyo sonara anayekuambia kwamba ni dhahabu hajakujibu swali lako. Kwa sarafu hii daraja ni jambo la pili; uhalisi ndio unaobeba karibu bei yote, na mnunuzi wa mbali hatatoa fedha nzito bila neno la mtu wa tatu. Kati ya tatu, hii ndiyo ambayo gharama ya kuituma PCGS au NGC inaweza kujilipa.

Usiitume kesho, hata hivyo. Anza kwa sonara unayemwamini, aipime uzito kwa mizani inayosoma sehemu za gramu na kuikagua kwa karati bila kuikwangua. Ukiona anataka kuisugua kwenye jiwe la majaribio, ichukue uondoke. Tazama ukingo wake kwa kioo: mstari wa mshono unaozunguka au vitundu vidogo kama vya hewa ni dalili za kumiminwa kwenye kalibu, wakati sarafu halisi ilipigwa kwa mashine. Ikianguka hapo, umeokoa ada. Ikipita, itafutie miadi na mtu anayeshughulika na sarafu za Afrika Mashariki ya Kijerumani, kwani picha za simu hazitoshi kwa uamuzi wa kiasi hiki, wala mimi siwezi kukuhukumia kwa maandishi. Kama una ndugu aliyeko Ulaya au Marekani, minada mikubwa ya sarafu hukubali kutazama sarafu ana kwa ana, na baadhi hushughulikia upimaji wa cheti wenyewe kisha wakakata ada kwenye mauzo.

Kabla haijavuka mpaka, waulize forodha na Idara ya Mambo ya Kale kuhusu vibali vinavyohitajika, upate jibu la maandishi. Piga picha za karibu za pande zote mbili na za ukingo, andika uzito wake, na uweke bima kwa thamani kamili. Picha hizo zitafanya kazi ileile ya zile za cheti cha baba mdogo: sarafu itakaporudi, utaweza kuthibitisha kwamba ndiyo ileile uliyoituma.